Mwongozo kwa Anayengojwa Aseme

Chukua chupa ya soda ya glasi, iliyooshwa ikakauka kabisa. Tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, ziba mdomo kwa kiganja, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikibaki imegandia kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Ikishuka yote chini na kuacha glasi safi, mahindi yamekauka vya kutosha kuingia ghalani.

Naanza na chupa kwa sababu ndicho kifaa cha kwanza cha mtu anayekata shauri, hasa akiwa Kiminini, karibu na Kitale, mwezi wa Novemba, magunia arobaini ya mahindi yametandazwa juu ya turubai, wingu jeusi linashuka kutoka Mlima Elgon, na watu wote wamemkodolea macho yeye. Ndugu zako wanakutazama. Vibarua wanakutazama. Mama amesimama mlangoni, leso mabegani, hasemi kitu, naye anakutazama. Hakuna aliyekupigia kura. Baba alifariki, wewe ni kifungua mimba, na simu yako huwa na chaji. Basi. Tangu siku hiyo kila swali la boma linaletwa kwako. Tuanue au tuache? Tuuze au tungoje? Ng'ombe apelekwe kwa fahali au adungwe sindano? Mtoto aende shule ya bweni au ya kutwa?

Nimeshika nafasi hiyo miaka mingi sasa. Shamba la kwetu liko upande wa Kitale, boma la asili liko Bungoma, na mimi niko kwenye matatu katikati, Kamukuywa mpaka Misikhu, nikijibu simu. Haya ndiyo niliyojifunza, nawe uliyejikuta umekalia kiti hicho bila kuomba, yachukue.

Jambo la kwanza ni kujua kabla ya kunena. Watu hudhani mwenye neno la mwisho ni yule mwenye sauti nene. Sauti nene haikaushi mahindi. NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na mashine yao ya kupimia haijali wewe ni mzaliwa wa ngapi. Ukipeleka lori zima Kitale halafu likarudishwa langoni, gharama ya lori ni yako na aibu ni yako. Ndiyo maana nasema anza na chupa, hata kama haisomi asilimia kama mashine. Marehemu baba hakutumia hata chupa, aliuma punje. Ikipasuka kwa mlio mkavu aliitikia kwa kichwa, ikibonyea alitema na kusema, "Bado." Kabla ya kufungua kinywa kuamua, alikifungua kuuma. Vivyo hivyo kwa mbolea: msimu wa 2024, wakulima waliuziwa mbolea bandia ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku, na aliyemwaga mifuko yote shambani bila kufungua hata mmoja, aitie mbolea mkononi, aisugue vidoleni, hakupata nafasi ya kuitilia shaka. Fungua mfuko. Nusa, hesabu, uliza bei sokoni kwa watu watatu wasiojuana. Hapo ndipo neno lako linapopata uzito.

Jambo la pili ni kutaja tarehe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoanguka wengi.

Kuna ukoo mkubwa unaoishi kati ya Kitale na Bungoma unaitwa ukoo wa Tutaona. Utawatambua mara moja. Yupo Tutaona mwenyewe, anayekubali kila hoja mpaka hoja mbili zinazopingana zinaondoka zikiwa zimeridhika. Yupo nduguye, Mimi Niko Sawa Tu, asiyetaka chochote mpaka siku mambo yakiharibika, ndipo anapokumbuka kwamba moyoni alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Yupo Tukae Kwanza, ambaye kwake kikao huzaa kikao, na chai ya kikao cha pili hugharimu zaidi ya jambo linalojadiliwa. Na yupo shangazi yao, Marehemu Angesemaje, anayemtwisha maiti mzigo uliowashinda walio hai. Hawa wote nawacheka kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wao.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya baba kufariki. Desemba, broka alikuja na lori mpaka uani. Bei yake haikuwa nzuri wala haikuwa mbaya. Kaka yangu mdogo akasema bei itapanda Machi, tusiuze. Dada akasema karo ya Januari itatoka wapi, tuuze nusu. Baba mdogo, kwa simu kutoka Bungoma, akasema tusifanye lolote mpaka aje. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Tutaona." Broka akapandisha mbao za lori lake, akaenda kwa jirani.

Januari tulikopa karo kwenye chama. Februari baba mdogo hakuja. Katikati ya Machi, mvua za kupandia ziko mlangoni na hatuna hela ya mbegu, tulifungua ghala. Kabla sijaona kitu nilisikia: mkwaruzo mdogo, wa maelfu ya meno, ndani ya magunia. Sakafuni kulikuwa na unga mweupe umejipanga kwa mistari kufuata mishono ya magunia. Nilishika gunia la juu kulinyanyua, likaja jepesi kama mto wa kulalia. Dumuzi, yule tunayemwita Osama, alikuwa amekula ndani na kutuachia maganda. Magunia saba yalikwisha kabisa. Mengine tulimuuzia mtu wa chakula cha kuku kwa bei ambayo mama hakutaka kuisikia ikitajwa.

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Tulipoanza kuulizana, hapakuwa na wa kuulizwa. Kaka alisema yeye alitoa maoni tu. Dada alisema hakusikilizwa. Baba mdogo alisema hakuwepo. Nami nilisema sikuamua kitu. Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatia yangu. Tungekuwa tumeamua kungoja, tungetia dawa magunia, tungekagua kila wiki, tungeweka siku ya mwisho. Sisi tulingoja bila kuamua, na ugomvi wake ulitukalia mwaka mzima kwa sababu haukuwa na mahali pa kutua.

Tangu hapo, nikisema tungoje, nasema mpaka lini. "Tunangoja mpaka tarehe 20 Januari. Siku hiyo, bei iwe juu au iwe chini, magunia ishirini yanaondoka na kumi na tano yanabaki ya kula." Serikali ikitangaza bei yake, kama mwishoni mwa 2023 NCPB ilipotangaza shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, naiandika kando ya ile ya broka, natoa usafiri, natoa siku za kukaa foleni, nalinganisha. Kisha natamka. Mara nyingine nimeuza mapema na bei ikapanda wiki tatu baadaye. Iliuma. Lakini karo ililipwa, na kila mtu nyumbani alijua nani wa kumlaumu. Uchungu wa aina hiyo unapona haraka.

Ukitaka kuona uamuzi uliosimama kwa miguu yake, nenda Bungoma Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wabukusu hutahiri kwa miaka hiyo, na desturi ni kwamba kijana ndiye anayeanza. Hasukumwi. Agosti 2008 kaka yangu yuyu huyu wa mahindi alimwendea baba akamwambia, "Papa, mwaka huu nataka nitahiriwe." Baba akamjibu, "Wewe? Uliyemkimbia bata mzinga? Nenda ukafunge ng'ombe." Akarudi mara ya pili, akafukuzwa. Mara ya tatu baba alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Umejisikia mwenyewe?" Kaka akasema, "Nimejisikia."

Basi akashika chinyimba, zile njuga za chuma zinazopigwa mkononi, akatoka kutembea kualika jamaa, njia ya Kimilili mpaka Chwele, kundi la waimbaji nyuma yake. Kila nyumba aliyoingia alikuwa anatangaza tarehe yake. Kwa mjomba, nduguye mama, alipokelewa kwa maneno makali: mwoga wewe, utatuaibisha, rudi nyumbani. Ndiyo kazi ya mjomba. Baada ya kumjaribu hivyo ndipo alipomchinjia na kumvisha nyama shingoni. Alfajiri yake kaka alipelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima, akarudishwa uani kwa baba akiwa baridi kama jiwe la mto, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Sikuona kisu, niliona mabega yake, na hayakutikisika.

Siku hizi wengi hupelekwa hospitali, na sina ugomvi na hospitali. Ninachokuonyesha ni mpangilio. Kijana alisema mwenyewe. Alipingwa na watu wawili wanaompenda, akarudi. Alitangaza mbele ya mashahidi wa lokesheni tatu, hata akitaka kugeuka hana pa kugeukia. Na siku ilipofika, alikuwepo yeye, mwili wake. Hakutuma mtu. Mtu aliyepakwa tope la alfajiri hawezi kusema tutaona.

Jambo la tatu: soma tarakimu kabla ya kutia sahihi. Sisi watu wa Bungoma hatuna haja ya mfano wa mbali. Mwaka 2015 nchi nzima ilitucheka kwa sababu ya wilibaro kumi. Serikali ya kaunti ilizinunua kwa shilingi 109,320 kila moja, jumla shilingi 1,093,200, wakati wilibaro ya kawaida katika duka la vifaa ilikuwa ya shilingi elfu chache. Baadaye baadhi ya maafisa walifikishwa mahakamani. Ninaporudi kwenye kisa hiki sifikirii mahakama, nafikiria meza. Ununuzi wa serikali haupiti kwenye mkono mmoja. Kuna anayeomba, anayekadiria, anayefungua zabuni, anayepokea, anayelipa. Kila mmoja anaweza kudhani kwamba uamuzi ulifanywa kwenye meza nyingine, yeye alipitisha karatasi tu. Hivyo ndivyo tarakimu kama hiyo inavyoweza kupita mlango baada ya mlango bila mtu kusimama na kusema, "Ngoja. Wilibaro? Laki moja na elfu tisa?"

Ukiwa kwenye kamati ya mazishi, kwenye bodi ya shule, kwenye chama cha akina mama wanaonunua tanki la maji, wewe kuwa huyo wa "ngoja". Sahihi yako ni neno lako. Ikiwa hukuisoma karatasi, rudisha. Watakuita mkorofi kwa dakika kumi.

Ni afadhali dakika hizo kumi, kwa maana maamuzi ya watu wasioulizwa yametugharimu sana huku kwetu. Pan Paper, kiwanda cha karatasi cha Webuye, ilipofungwa 2009, mji mzima ulizimika pamoja nayo: vyumba vya kupanga vikabaki vitupu, vibanda vya chakula vikafungwa, vijana wakapanda magari ya Eldoret na Nairobi. Na mwaka 2025 serikali ilipokodisha kiwanda cha sukari cha Nzoia kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, mkulima wa miwa alikuwa ameshaamua la kwake mwaka mmoja na nusu kabla, maana muwa hukaa takriban muda huo shambani. Kukodisha kunaweza kuleta heri au shari, watu wamegawanyika, na kila upande una sababu zake. Mimi ninachotaka ni kidogo: anayeamua juu ya muwa wangu aje asimame kando ya muwa wangu, anieleze, nimuulize. Miaka 30 ni umri wa mtu kuzaliwa, kusoma, kuoa na kumrithi baba yake.

Jambo la nne ni bei, na hili sitalirembesha. Uamuzi wa kweli una gharama, na mara nyingine gharama inalipwa jioni ileile.

Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge likaunda kamati teule, na mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipoletwa bungeni mwezi Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Masinde Muliro alikuwa waziri. Alizaliwa Matili, upande wa Kimilili, na aliwatumikia watu wa Trans Nzoia bungeni. Yaani alikuwa mtu wa barabara hii hii ya kwetu. Waziri hupiga kura na serikali yake. Angeweza kutoka nje kunyoosha miguu wakati wa kura. Angeweza kuumwa kichwa. Alikaa, akapiga kura upande wa ripoti, na Mzee Kenyatta akamfuta kazi siku hiyohiyo, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen, waliopiga kura kama yeye. Leo uwanja wa Kanduyi mjini Bungoma una jina lake, na chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake, lakini jioni ile ya 1975 hakukuwa na uwanja wala chuo. Kulikuwa na mtu asiye na gari la serikali anayerudi nyumbani.

Wewe na mimi hatutaitwa kupiga kura ya namna hiyo. Sisi bei yetu ni ndugu kutokutumia salamu za Krismasi, ni shemeji kusema kwenye matanga kwamba umejifanya mwanamume. Lipa tu.

Na kwa kuwa nimegusa hilo la mwanamume, neno kwa binti aliyeachiwa boma. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mtoto wa kike na wa kiume, na Katiba ya 2010 imekazia. Sheria ni nguzo nzuri, ila haitakusaidia uani siku baba mdogo anapoteremka kwenye bodaboda na fimbo yake mkononi. Kwangu alikuja Februari ya mwaka mwingine, baada ya ule wa Osama. Nikampa kiti, nikamletea maji, nikamletea chai. Akanywa, akasafisha koo.

"Mwanangu, nimesikia unaamua mambo ya shamba la marehemu."

"Ndiyo, Baba."

"Peke yako?"

Sikumwambia habari ya sheria. Niliingia ndani nikaleta daftari, lile la kurasa 200 lenye jalada la karatasi ngumu, nikamfungulia pale alipoketi. Mbegu ya 614, pakiti ngapi, risiti hii. Mbolea ya ruzuku, shilingi 2,500 mfuko, siku mbili za foleni. Palizi ya kwanza, vibarua wangapi, nani alikuja na nani hakuja. Tarehe ya kuuza na kwa nini siku hiyo. Ukurasa wa mahindi yaliyoliwa na Osama pia upo, na juu yake nimeandika jina langu mwenyewe.

Alisoma kwa nusu saa, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye ukurasa ule wa Osama alisimama, akaniangalia, akaendelea. Mwishowe akafunga daftari.

"Mwaka huu usipande bila kunipigia. Ile sehemu ya bondeni hushika maji. Baba yako aliijua, wewe huijui."

"Nitakupigia, Baba."

Na nilimpigia, na bondeni alisema kweli, nikapanda nyasi za ng'ombe. Kuuliza wazee hakukupunguzii cheo. Waulize kabla, wakiwa bado wanaweza kubadili kitu. Ukishaamua, usirudi kwao kutafuta mtu wa kushika lawama pamoja nawe. Weka daftari. Andika uliloamua, siku, sababu uliyokuwa nayo siku ile, na jina lako. Kumbukumbu ya ukoo hugeuka kila mavuno, wino haugeuki.

Basi. Huko uliko pengine mahindi yako yako kwenye turubai saa hii, au ni karo, au ni mgonjwa wa kuhamishwa hospitali, na watu wamenyamaza wakikutazama. Wamengoja vya kutosha. Waambie ni lini.